Sanamu Zisizochongwa: Tunayodhani na Yaliyo Kweli

"Nyumbani kwangu hakuna hirizi wala kinyago, kwa hiyo amri ile ya kutojifanyia sanamu hainihusu." Kauli hii nimeisikia mara nyingi, na kwa miaka mingi niliiamini. Lakini someni Ezekieli sura ya 14. Wazee wa Israeli, wakiwa uhamishoni, wamekuja kuketi mbele ya nabii. Mikononi hawana kitu, tena wanataka kumwuliza Bwana. Mungu anamwambia Ezekieli kwamba watu hawa wametia vinyago vyao mioyoni mwao. Paulo naye, katika Wakolosai 3:5, anasema kutamani ndiyo ibada ya sanamu. Tamaa haichongwi kwa patasi.

Dhana nyingine, na hii ndiyo inayotuponza zaidi: kwamba sanamu lazima iwe kitu kiovu. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu mwenyewe (Hesabu 21), na walioumwa na nyoka walimtazama wakapona. Karne kadhaa baadaye, Waisraeli wakawa wanamfukizia uvumba. Mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande (2 Wafalme 18:4). Zawadi ya Mungu ilikuwa imekalia kiti cha Mungu. Ndivyo inavyokuwa kwa kazi, ndoa, mtoto anayefanya vizuri shuleni, hata huduma.

Kwangu ilikuwa kwaya. Nilipopumzishwa uongozi, sikukanyaga ibadani Jumapili tatu mfululizo, nikisingizia mafua. Ya nne ndipo nilipojiuliza: Mungu hajaondoka, sasa nimefiwa na nani?

Wengine hudhani kinachofanywa kwa jina la Bwana hakiwezi kuwa sanamu. Haruni alijenga madhabahu mbele ya ndama wa dhahabu, kisha akatangaza sikukuu kwa Bwana.

Wapo pia wazazi wanaoogopa kuwapenda watoto wao kupita kiasi. Jamani, wapendeni. Kosa si wingi wa upendo. Jiulize kitu hicho kinakufanya umuasi Mungu wapi: umetoa rushwa ili mtoto apate nafasi? Umemdhulumu ndugu yako kiwanja ili nyumba iinuke? Ukikikosa, unaona huna tena sababu ya kuomba? Hapo pana madhabahu.

Halafu kuna dhana kwamba kutubu ni kutupa kitu na kujikaza. Yesu alisimulia habari ya nyumba iliyofagiwa na kupambwa, lakini tupu. Pepo aliyetoka akarudi na wenzake saba (Mathayo 12). Angalia Wathesalonike: walimgeukia Mungu, wakaziacha sanamu. Zakayo naye hakuamriwa kugawa chochote. Yesu aliingia kwake kwanza, na baada ya hapo mtoza ushuru yule akasimama mwenyewe: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya atarudishiwa mara 4.

Wala si jambo la kumaliza peke yako chumbani. Watu wa Uamsho, vuguvugu la Kikristo lililowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki, walizoea kuitaja dhambi mbele ya ndugu. Jambo hilo waliliita kutembea nuruni. Mimi nilimwambia mama mmoja wa jumuiya yetu. Hakunihubiria, alinishika mkono tukaomba. Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la nyuma nikaimba na watu wote, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilisikia maneno ya wimbo.