Choo mlango huu, sabuni mlango ule

Ploti nyingi za Nyalenda na Manyatta, Kisumu, zimejengwa kwa mpango ule ule: vyumba vinatazamana, ua katikati, choo mwishoni, na mfereji karibu na lango, mara nyingi ukiwa na kufuli. Nakuru, ukitoka Rhonda ukaenda kwenye fleti mpya za Free Area, kilichobadilika ni kidogo tu. Choo kimeingia ndani, kina vigae, kinaflashi, lakini kimepewa chumba chembamba kisicho hata na mahali pa kuweka kipande cha sabuni. Sinki ni moja, nalo liko jikoni. Maswali haya ya kunawa mikono baada ya choo huulizwa sana kliniki, na mengine nimeulizwa na majirani zangu kwenye ngazi. Nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu ana kwa ana.

Sista, choo chetu kiko peke yake na hakina sinki. Nyumba kama hii ni hatari kwa afya?

Chumba chenyewe hakina kosa. Kina hata raha yake: mmoja akioga, mwingine hazuiliki, na miswaki inakaa mbali na choo. Shida ni ile safari ya kutoka chooni hadi kwenye maji.

Fuata mkono wako mwenyewe. Umemaliza, umejipangusa, umeflashi. Unashika komeo. Unavuta mlango kwa kitasa. Unazima taa kwenye swichi. Njiani mtoto anakudaka, unamwinua. Jikoni unasukuma sufuria iliyo kwenye sinki, kisha unafungua mfereji. Mpaka maji yaguse vidole vyako, umeshagusa vitu sita, na mmoja wa hivyo vitu ni mtoto. Unanawa vizuri kabisa, halafu unafunga mfereji kwa kushika palepale uliposhika na mkono mchafu.

Usidhani lazima uchafu uonekane. Bakteria wa shigela, wanaoleta kuhara damu, huweza kumwangusha mtu hata wakiwa 10 hadi 100 tu. Idadi hiyo haionekani kwa macho wala haina harufu. Njia hiyo hiyo ya mkono na mdomo hupitisha homa ya matumbo, kipindupindu, homa ya ini aina ya A, virusi vya rota na mayai ya minyoo.

Kwa hiyo huhitaji kubomoa ukuta. Unahitaji maji na sabuni viwe kwenye njia ya mkono, kabla haujagusa kitu cha watu wote.

Si nitumie tu sinki la jikoni?

Tumia, ni afadhali mara mia kuliko kutonawa. Ila ukweli wa nyumba zetu ni kwamba sinki la jikoni huwa limejaa vyombo vya jana. Mtu akilikuta hivyo, anapitisha vidole juu juu na kwenda zake, au ananawia juu ya vikombe. Ukiamua kulitumia, vyombo vikae kwenye beseni kando, sabuni ya mikono iwe yake (si ile ya vyombo iliyozama na sponji), na mfereji ufungwe kwa kiwiko au kwa kutumia tishu. Milango ya njiani iachwe wazi ili usiishike.

Mimi nyumbani kwangu nimeweka stuli nje ya mlango wa choo, juu yake ndoo ndogo yenye mfereji wa plastiki, chini beseni. Wageni hucheka kidogo. Halafu wananawa.

Choo cha ploti yetu kiko nje kabisa na tunakitumia nyumba nane. Nani ataweka ndoo pale na isiibiwe?

Hapa ndipo kibuyu chirizi, mtungi wa kunawia unaoinamishwa kwa mguu, kinapoyashinda masinki ya madukani. Chukua mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5, ule uliokwisha, uuoshe. Pasha msumari moto na utoboe tundu dogo ubavuni, upande uliokabili mkono wa kushikia, karibu na mdomo. Pitisha kijiti imara kwenye mkono wa mtungi na ukilaze juu ya nguzo mbili zenye panda. Funga kamba shingoni mwa mtungi, ishuke mpaka chini kwenye kijiti kingine kilichoegemea ardhi. Ukikikanyaga, mtungi unainama na maji yanachirizika kwenye viganja. Ukiinua mguu, unarudi wima. Hakuna aliyeshika kitu kwa mkono. Chini weka kokoto, la sivyo baada ya siku mbili mtakuwa na dimbwi la mbu.

Kama hamna nafasi ya nguzo, chupa ya soda ya plastiki inatosha. Toboa tundu jembamba karibu na kitako, jaza maji, funga kifuniko kabisa: maji hayatoki. Legeza kifuniko kidogo, hewa inaingia juu na maji yanaanza kutiririka chini. Mtoto wa darasa la pili ataelewa haraka kuliko wewe. Kifuniko unakishika kwa mkono mchafu, ndiyo, kwa hiyo kipakeni sabuni kila mnaponawa.

Mtungi uliotobolewa hauna thamani sokoni. Hakuna mwizi atakayeruka ukuta kwa ajili yake.

Mtungi utabaki, lakini sabuni haitamaliza siku.

Najua. Sabuni ya kipande kwenye choo cha ploti ina miguu. Ndiyo maana napenda maji ya sabuni: chupa ya lita 1.5, gramu 30 hivi za sabuni ya unga ya kufulia, tikisa mpaka ichanganyike, toboa kifuniko kwa sindano nene. Mtu anaibinya kidogo tu kiganjani. Inafanya kazi ya sabuni sawasawa na pakiti moja ndogo inakaa muda mrefu. Zaidi ya hayo, sijaona mtu akiiba maji yenye povu. Iandike chupa kwa kalamu ya wino mzito, uifunge kwa kamba mahali ambapo mtoto hatafikiri ni kinywaji.

Sabuni ikikosekana kabisa, jivu la kuni lililo safi husaidia kusugua. Si sawa na sabuni, lakini ni bora kuliko maji matupu. Udongo usiutumie, maana huwezi kujua ni nani alipita hapo, kuku au mtoto.

Maji yenyewe tunanunua kwa mtungi. Tutamaliza pesa kwa kunawa?

Hamtamaliza. Jaribu mwenyewe leo: jaza chupa ya nusu lita, nawa kwa mchirizo mwembamba, lowesha, funga, sugua na sabuni kwa sekunde 20, kisha suuza. Utashangaa kiasi kinachobaki. Mfereji ulioachwa wazi ndio unaokula maji.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: maji ya kunawa na sabuni si lazima yawe ya kunywa. Ya mvua kutoka kwenye paa yanafaa. Ya kisima yanafaa. Maji ya kusuuzia nguo yaelekezeni kwenye kuflashi choo. Mikono msiinawishe nayo, hasa kama mlifua nepi.

Kwetu mezani tunanawa kwenye beseni moja kabla ya ugali. Hiyo si inatosha?

Hapana, mama, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Beseni la watu wengi ni mahali pa kubadilishana. Wa kwanza ananawa, wa kumi anaogelea kwenye mikono ya tisa waliomtangulia, kisha anamega ugali na kuchovya kwenye mchuzi wa samaki. Matangani ni mbaya zaidi, kwa sababu watu ni wengi, wamesalimiana kwa mikono asubuhi nzima, na choo cha muda kilichimbwa juzi.

Dawa yake tunayo tangu zamani: jagi na beseni. Kijana anapita akimwagia kila mmoja maji juu ya viganja, beseni linapokea machafu. Ongeza tu chupa ya maji ya sabuni kwenye mkono wake wa pili. Anza na wazee, kama desturi inavyotaka, na hakuna atakayesema umeleta uzungu.

Na kunawa mezani hakufuti kunawa chooni. Kati ya hizo mbili umeshagusa nyumba nzima.

Sisi ni Waislamu, tunastanji, yaani tunajisafisha baada ya haja, kwa maji kila mara. Kwa nini bado sabuni?

Kustanji kunausafisha mwili, na kwa hilo mko mbele ya wengi wetu. Lakini mkono wa kushoto uliofanya kazi hiyo umegusana moja kwa moja na kinyesi, na maji peke yake hayaondoi mafuta yanayoshikilia vijidudu kwenye ngozi na chini ya kucha. Kopo mlilonalo chooni ni nusu ya suluhisho. Wekeni la pili la kunawia, lisichanganyike na lile la kwanza, na sabuni kando yake.

Nabeba sanitaiza mfukoni. Nimeokoka?

Nusu nusu. Yenye alkoholi ya asilimia 60 kwenda juu huua bakteria wengi mkono ukiwa hauna uchafu. Mkono wenye kinyesi, mafuta au udongo unaipunguza nguvu, na mayai ya minyoo hayajali. Itumie kama daraja, mpaka ufike kwenye maji.

Kinyesi cha mtoto mchanga si safi? Ananyonya tu.

Swali hili nimelisikia Kakamega, nimelisikia Kisumu, na halina dalili ya kuisha. Kinyesi cha mtoto kina vijidudu kama cha mkubwa, wakati mwingine kuzidi, kwa sababu watoto ndio wanaoharisha sana. Usikitupe nyuma ya nyumba wala usimwoshee mtoto mlangoni maji yakatiririka uani. Kipeleke chooni, mwoshe mtoto, kisha nawa wewe, na mikono yake pia.

Tangu 2014 chanjo ya rota inatolewa bure kwenye vituo vya serikali nchini Kenya. Ni tone la mdomoni, halina sindano. Hakikisha haimpiti. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, aendelee kunyonya, na umwone mhudumu akupe zinki ya siku 10 hadi 14. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, akilegea au ukiona damu kwenye kinyesi, usingoje kesho. Mkubwa akiharisha maji meupe kama ya mchele, mfululizo, ni hivyo hivyo: kipindupindu kinaweza kummaliza mtu mzima kwa saa chache kwa kumkausha maji.

Nimeona picha ya choo chenye mfereji juu ya tangi lake. Ni kweli au ni mzaha?

Ni kweli, Japani ni vitu vya kawaida. Ukiflashi, maji yanayokwenda kujaza tangi hupitia kwanza mferejini juu, unanawa, kisha yanaingia ndani kungoja flashi inayofuata. Ni maji safi ya bomba, hayajagusa choo. Kwa chumba chembamba cha fleti ya Nakuru lingekuwa jibu zuri, kama maji yangekuwa yanatoka siku saba kwa wiki.

Mwenye nyumba anasema kunawa ni kazi ya mpangaji. Tufanyeje?

Niliwahi kuishi kwenye ploti ambapo tulimwomba mwenyewe mfereji wa pili kwa miezi, akajibu kwa kuongeza kodi. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba ni rahisi. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inataja haki ya kila mtu ya makao yanayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi, pamoja na maji safi ya kutosha. Nendeni kama wapangaji wote, si mmoja mmoja. Muombeni kitu kidogo chenye bei inayojulikana: bomba la kuchepusha kutoka mfereji wa lango hadi ukuta wa choo. Akikataa na choo ni kichafu au kimefurika, afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo ana mamlaka ya kuja kukagua. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita mtaani kwenu atawaonyesha ofisi ilipo.

Kibuyu chirizi msingojee ruhusa. Kinamaliza nusu saa.

Usiku hatutoki. Kuna giza, na wasichana wanaogopa. Tunatumia ndoo ndani ya nyumba.

Hamkosei kuogopa, na sitakwambia umtume binti nje saa nane za usiku kwa sababu ya somo la usafi. Ndoo iwe na kifuniko kinachobana, iwe ya kazi hiyo tu, rangi tofauti na ndoo za maji ili mtu mwenye usingizi asikosee. Ndani wekeni maji kidogo au jivu. Ikae kona iliyo mbali na vyombo na mtungi wa maji ya kunywa. Alfajiri imwagwe chooni, si kwenye mtaro, isuuzwe kwa maji yenye jiki kidogo, na maji hayo pia yaende chooni.

Na ile chupa ya soda yenye tundu? Itundike kwenye msumari pale pale juu ya kona, na kikopo cha kupokea maji chini yake. Msumari uwe chini kiasi cha mtoto wenu mdogo kufikia bila kuamsha mtu.