Haki ya mazingira ni nini? Neno moja, maana mbili

Neno "haki" katika Kiswahili limebeba mizigo miwili. Tunasema "hii ni haki yangu", yaani stahiki, kitu ambacho mtu hapaswi kunyimwa. Tunasema pia "hapa haki haikutendeka", yaani mgao au uamuzi haukuwa wa uadilifu. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana barazani jioni nzima juu ya haki ya mazingira na kila mmoja akawa na lake la kweli: huyu anazungumzia stahiki, mwenziwe anazungumzia mgao.

Maana ya kwanza ni fupi. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi yenye afya. Kimesema kila mtu. Hakikusema kila mwenye hatimiliki. Kwa Mombasa hilo ni jambo zito, kwa sababu hapa watu wengi wana nyumba lakini hawana ardhi iliyo chini yake: umejenga, unalipia kiwanja, mwenye ardhi ni mwingine. Mtu wa namna hiyo akilalamikia moshi huambiwa yeye ni maskwota tu, hana la kusema. Katiba haikumdai cheti cha ardhi. Kifungu cha 70 kinaongeza kwamba anayekwenda mahakamani kudai haki hiyo halazimiki kuthibitisha kuwa kuna mtu aliyekwisha kupata hasara au kuumia. Anaweza kwenda kabla ya madhara, na kifungu cha 22 kinamruhusu kwenda kwa niaba ya wenziwe.

Maana ya pili ndiyo pana, na ndiyo inayosahaulika. Inauliza uchafu uko wapi, faida iko wapi, na nani aliulizwa kabla mambo hayajaanza. Mji unaweza kupanda miti elfu kumi, nchi ikapiga marufuku mifuko ya plastiki kama Kenya ilivyofanya tarehe 28 Agosti 2017, fukwe zikang'aa, na bado haki ya mazingira ikakosekana, ikiwa taka za mji mzima zinamwagwa mlangoni mwa watu wale wale. Jaa la Kibarani, kando ya Makupa, lilifungwa mwaka 2018 na mahali pale pakaanza kupambwa. Ni jambo jema, na kila aingiaye kisiwani analiona. Lakini taka hazikuyeyuka. Magari yalielekezwa Mwakirunge, upande wa Kisauni, mbali na macho ya wapita njia. Kwa anayejali sura ya mji, kazi imekwisha. Kwa anayejali haki ya mazingira, maswali ndiyo kwanza yanaanza: huko taka zinafunikwa kwa udongo kila siku au zinaachwa wazi? Maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye lundo wakati wa masika yanaelekea kisima cha nani? Na gesi ya methani inaposhika moto ndani ya jaa, moshi unamwangukia nani?

Dhana hii ilianzia barabarani. Mwaka 1982, katika wilaya ya Warren, jimbo la North Carolina huko Marekani, wakazi ambao wengi wao walikuwa weusi na maskini walilala mbele ya malori yaliyobeba udongo wenye sumu ya PCB. Zaidi ya watu 500 walikamatwa, na jaa likachimbwa vivyo hivyo. Mwaka 1987 tume ya kanisa la United Church of Christ ikatoa ripoti iliyoonyesha kwamba rangi ya wakazi ilitabiri mahali pa kuwekwa taka za sumu kuliko kigezo kingine chochote. Kwetu pwani mstari hauchorwi kwa rangi. Unachorwa kwa ardhi, kwa kipato, na kwa kujua mlango gani wa ofisi unaobishwa.

Unachorwa pia kwa upepo, na hapa wataalamu wanaokuja kwa siku mbili hukosea. Mombasa haina upepo mmoja. Kusi huvuma toka kusini, tangu mwezi wa nne hivi hadi wa tisa au wa kumi. Kaskazi huja toka kaskazini-mashariki, kuanzia mwisho wa mwaka hadi mwezi wa tatu. Bomba moja la moshi basi lina majirani wa aina mbili: wa kusi, walio upande wake wa kaskazini, na wa kaskazi, walio upande wa kusini-magharibi. Ukipima hewa mwezi wa pili peke yake utapata kwamba nyumba za upande wa kaskazini ziko salama, na kwa siku hizo utakuwa umesema kweli. Mwezi wa saba watu hao hao wanakohoa. Kwa hiyo ripoti yoyote ya hewa ya mji huu kwanza itazamwe tarehe, kisha namba.

Mfano uliofika mbali zaidi kuliko yote nchini ni Owino Uhuru, kijiji kilichoko Mikindani chenye wakazi wapatao 3,000, kilichopakana ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Ili kuelewa kilichotokea pale ni lazima kwanza kuijua risasi, si ile ya bunduki bali madini iliyomo ndani ya betri hizo.

Betri ya gari ni risasi kwa zaidi ya nusu ya uzito wake; betri ya kilo 15 ina takriban kilo 9 za risasi, na zilizobaki ni plastiki na tindikali. Kuirejesha risasi hiyo ni kazi yenye manufaa ikifanywa sawasawa: betri huvunjwa ndani ya jengo lililofungwa, tindikali hukusanywa na kupozwa makali yake, tanuri huwa na vichujio vya kunasa vumbi, na mfanyakazi huoga na kuacha nguo za kazi pale pale. Kinachoharibu ni kuruka hatua. Betri zikivunjwa nje kwa shoka, tindikali iliyochanganyika na risasi huingia ardhini. Kichujio kikikosekana, mvuke wa risasi hupoa ukawa vumbi laini na kutua juu ya mabati, kwenye ndoo za maji na kwenye nguo zilizoanikwa. Mfanyakazi akirudi na ovaroli yake nyumbani, anamletea mwanawe kiwanda kitandani.

Mwili huidhania risasi kuwa kalisi, ukaihifadhi mifupani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hunyonya risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, naye ndiye anayetambaa chini na kuweka vidole kinywani. Mama mjamzito humpitishia mimba, na anayenyonyesha humpitishia mtoto kwa maziwa. Dalili zake ni za kupoteza njia: tumbo kusokota, choo kigumu, upungufu wa damu, uchovu, mtoto kushindwa kushika masomo, na ikizidi, degedege. Mara nyingi hutibiwa kama malaria au taifodi mpaka pesa zikaisha.

Hapa ndipo kuchelewa kunapogeuka dhuluma. Chanzo kikikoma, nusu ya risasi iliyomo ndani ya damu huondoka kwa mwezi mmoja hivi, ilhali ile ya mifupani hukaa miaka makumi. Kijiji kikipimwa damu miaka miwili baada ya kiwanda kufungwa, namba hushuka, na mtu asiyejua akasema watu wamepona. Kwa hiyo damu ipimwe mapema, itolewe kwenye mshipa badala ya kuchomwa kidole, kwa sababu vumbi la ngozini hudanganya kipimo, na kila mtu abaki na nakala ya jibu lake. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kuanzia mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu chanzo kitafutwe na kukomeshwa. Dawa za kuitoa risasi mwilini hupewa mtoto aliyefika 45. Dawa hizo hazina maana ikiwa mtoto anarudi kucheza kwenye udongo ule ule.

Kiwanda cha Owino Uhuru kilifungwa mwaka 2014, baada ya miaka ya malalamiko yaliyoongozwa na Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi pale na ambaye mwanawe alipatikana na risasi mwilini. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikaamuru eneo lisafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe milioni 700 za kulisafisha. Asilimia 40 ya lawama ilitwikwa NEMA, mamlaka ya serikali yenyewe inayosimamia mazingira. Wengi walishangaa, na hukumu ile inafaa kusomwa polepole kwa sababu hiyo. Mahakama haikuishia kwa aliyetoa moshi. Ilimgeukia pia aliyepaswa kuuzuia. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofungwa alikuwa na miaka kumi.

Swali la tatu, nani aliulizwa, lilijibiwa vizuri zaidi Lamu. Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira, ambalo ni mahakama maalumu ya rufaa za leseni, lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilikuwapo, lakini ilifanyika mapema, kabla ya ripoti ya athari kukamilika. Watu waliombwa maoni juu ya kitu ambacho hawakuwa wamekisoma. Kipimo cha kushirikishwa ndicho hicho, wala si idadi ya viti vilivyojaa au sahihi zilizopigwa baada ya soda na nauli: ripoti ilikuwapo, ilieleweka kwa lugha ya wenyeji, na maoni yalijibiwa?

Kuna rai mbili zinazosikika sana mitaani. Ya kwanza inasema mazingira ni mambo ya walioshiba. Kinyume chake ndicho cha kweli: aliyeshiba hununua maji ya chupa, hufunga madirisha na kuwasha feni, na mambo yakizidi huhamia Nyali. Asiye na pa kwenda ndiye anayeishi ndani ya mazingira kwa maana kamili. Ya pili inasema kiwanda kimeleta kazi, tukikisumbua kitaondoka. Hii ina uzito, na anayeipuuza hajawahi kukosa ada ya mtoto. Lakini madai ya haki ya mazingira mara nyingi si kufunga. Ni kichujio, ukuta, mfereji wa tindikali, bafu la wafanyakazi. Anayesema gharama hiyo haiwezekani anakiri kwamba kwa sasa gharama inalipwa na mapafu ya jirani.

Kwa anayeona dalili mtaani kwake, kazi huanza kwa daftari. Andika tarehe, saa, upepo unatoka wapi, harufu au rangi ya moshi, nani kaugua na kaenda zahanati gani. Piga picha inayoonyesha alama ya mahali, kama msikiti au nguzo yenye namba. Kisha iandikie NEMA barua ukiomba leseni na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, na saa 48 ikiwa habari inahusu uhai wa mtu. Barua ipelekwe nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokewa na urudi nayo. Malalamiko mengi hufa hapa, kwa sababu yalisemwa kwa mdomo kwa chifu au mwakilishi wadi na hayana ushahidi kwamba yaliwahi kutolewa.

Kama leseni ndiyo mbovu, rufaa kwa Baraza hukatwa ndani ya siku 60, na siku hizo huyoyoma upesi kwa watu wanaopata habari wakati tingatinga limekwisha kufika. Zikipita, njia ya Katiba bado iko: kanuni za mwaka 2013 za kesi za haki za kimsingi zinairuhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida, au maneno ya mdomo.

Udongo nao haungoji kesi. Risasi haiozi wala haifi. Itakuwapo mpaka itolewe au ifunikwe. Kiwango cha tahadhari cha Marekani kwa udongo wa makazi kilikuwa miligramu 400 kwa kilo, na mwaka 2024 kikashushwa hadi 200. Sampuli ichotwe sentimita mbili tatu za juu, mahali watoto wanapocheza, wala si shimo la mita moja ambamo namba itaonekana ndogo. Wakati wa kungoja, sakafu ipigwe deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa kavu, maana ufagio huinua vumbi likavutwa puani; mikono ioshwe kabla ya kula; mlo uwe na dagaa, maziwa na mboga, kwa kuwa mwili wenye njaa ya chuma na kalisi hunyonya risasi zaidi. Kuku wasiachwe kuchakura hapo: risasi iliyo udongoni huingia kwenye yai, na yai hilo hupewa mtoto kwanza.