Je, wajua leza hutumikaje kuichunguza molekuli inayoruka kutoka kwenye shaba?

Pasha moto kipande cha shaba chenye atomu za haidrojeni usoni mwake. Atomu hizo zitakutana mbili mbili, ziungane kuwa molekuli, kisha ziruke. Zinaporuka hubeba nishati kiasi gani? Ni rahisi kudhani kwamba hubeba joto lilelile la shaba iliyoziacha. Sivyo, na leza ndiyo iliyotuonyesha.

Mwaka 1985, Kubiak, Sitz na Zare wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio ambalo mpaka leo linanivutia kwa ujanja wake. Waliingiza haidrojeni kwa nyuma ya fuwele ya shaba yenye joto la kelvini 850 hivi. Atomu zikapenya ndani ya metali, zikatokea upande wa mbele, zikaungana na kurukia kwenye chumba kilichofyonzwa hewa yote. Bila ombwe hilo, uso wa shaba ungefunikwa na gesi nyingine papo hapo, na molekuli ingegongana na nyingine kabla ya kupimwa.

Molekuli ya haidrojeni hutetemeka na kuzunguka kwa viwango maalumu tu, si kwa kiasi chochote kile. Ina ngazi zake maalumu za nishati, na kila ngazi hufyonza rangi yake ya mwanga. Hapo ndipo leza inapofaa, kwa sababu rangi yake inaweza kuchaguliwa kwa usahihi mkubwa. Kwa haidrojeni hutumika urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 200 na kitu. Fotoni mbili, yaani chembe mbili za mwanga, huipandisha molekuli ngazi, ya tatu huing'oa elektroni. Molekuli sasa ni ioni yenye chaji, huvutwa na umeme hadi kwenye kitambuzi na kuhesabiwa. Rangi hubadilishwa kidogo, ngazi nyingine ikahesabiwa. Pigo la leza hudumu nanosekunde chache tu. Katika muda huo molekuli iendayo kilomita kadhaa kwa sekunde haijasogea hata unene wa unywele.

Hesabu zikashangaza. Mzunguko wa molekuli ulikuwa na nishati pungufu kidogo kuliko joto la shaba lingetoa, lakini zile zilizokuwa zikitetemeka katika ngazi ya kwanza zilizidi matarajio kwa makumi ya mara.

Kwa nini? Atomu mbili zinapoanza kuungana juu ya shaba, umbali kati yao bado ni mkubwa kuliko ule wa molekuli iliyotulia. Kifungo chao kinaondoka kikiwa kimevutwa kama springi, kikiachiliwa, kinatetemeka.

Kuna jambo zito zaidi. Kanuni za fizikia zinasema safari ya kuondoka na ya kuwasili hupita njia ileile, kinyumenyume. Basi kama molekuli huondoka zikitetemeka, molekuli inayokuja ikitetemeka inapaswa kuvunjika kwa urahisi zaidi ikigusa shaba. Majaribio yaliyofuata, yakiwemo ya Rettner na wenzake katika maabara ya IBM huko San Jose, yalithibitisha hivyo: molekuli zinazotetemeka zilihitaji mwendo mdogo zaidi ili kuvunjika. Na kuvunja haidrojeni ndiyo kazi ambayo shaba hufanya kila siku ikiwa kichocheo katika viwanda vya methanoli.