Kura ya maoni ya 1967 haikuwapa Waaborijini haki ya kupiga kura

Wengi, hata huko Australia kwenyewe, huamini kwamba Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walipata haki ya kupiga kura kupitia kura ya maoni ya Mei 27, 1967. Sivyo. Sheria ya 1962 ilikuwa imeshawapa wote haki hiyo katika uchaguzi wa shirikisho, na Queensland, jimbo la mwisho, likafuata mwaka 1965.

Kilichobadilika 1967 ni katiba. Kifungu cha 127, kilichokataza Waaborijini wasihesabiwe katika idadi ya watu wa nchi, kilifutwa. Kisha serikali kuu ikapewa uwezo wa kuwatungia sheria, ambao awali majimbo yaliachiwa. Zaidi ya asilimia 90 ya kura zilikubali.

Lakini uwezo si wajibu, na katiba haikusema sheria hizo ziwe za manufaa kwao. Ujira na ardhi vilipiganiwa kwingine: Agosti 1966 wafanyakazi Waaborijini wa ranchi ya Wave Hill waligoma, na sehemu ya ardhi yao ikarudishwa 1975 tu, Waziri Mkuu Gough Whitlam alipommiminia Vincent Lingiari, kiongozi wa mgomo huo, udongo kiganjani. Mkakati wa kitaifa wa kuziba pengo la afya, elimu na ajira ulisubiri hadi 2008.