Je, wajua kwanini panya wa maabara wanazalishwa kaka kwa dada?

Ukisikia mara ya kwanza unashtuka: kaka na dada wa tumbo moja wanazalishwa, watoto wao nao hivyo hivyo, mpaka vizazi 20 na kuendelea. Lengo ni ukoo mzima uwe na jeni karibu sawa kabisa, kama mapacha wa kufanana, yaani ukitoa ngozi kwa huyu ukampandikiza yule mwili unaipokea tu kama yake.

Sasa kwa magonjwa ambayo kinga inaugeukia mwili wenyewe, kama lupasi au kisukari aina ya kwanza, hapo ndo faida yake inaonekana. Sisi watu tumechanganyika mno, na mgonjwa anafika kwa daktari ugonjwa ushakomaa. Panya ukishajua ukoo wake unajua atakuja kuumwa nini hata kabla hajaumwa.

Chukua panya wa NOD, ukoo unaopata kisukari aina ya kwanza wenyewe bila kuambukizwa wala kudungwa kitu. Mwaka 1974 huko Japani, maabara ya kampuni ya dawa ya Shionogi, walikuwa wanazalisha panya wa kuchunguzia mtoto wa jicho, akaonekana jike mmoja anakojoa sana, anakonda haraka, mkojo umejaa sukari, na ukoo huo ukatoka kwake. Majike ndo wanaougua zaidi kuliko madume. Ukipasua kongosho la panya wa wiki 4 tu unakuta seli nyeupe zishaanza kuzingira sehemu zinazotengeneza insulini, wakati sukari yenyewe inakuja kupanda kuanzia wiki ya 12 hivi, na hizo wiki za katikati ni mali kweli kwa mtafiti. Dawa nyingi zilizowaponya panya hawa zimegoma kwa watu, hilo tusifiche, ila teplizumabu inayochelewesha kisukari aina ya kwanza, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2022, njia yake ilipita kwa panya hawa.

Kinachonigusa mimi zaidi ni wale wa New Zealand, koo mbili zinazoitwa NZB na NZW. NZB ni mweusi, kinga yake inavunja chembe nyekundu za damu mpaka anaishiwa damu. NZW mweupe, ukimwangalia mzima tu. Wazalishe pamoja, watoto wanapata lupasi kali inayoharibu figo, majike wanawahi kufa, kumbe yule mweupe naye alikuwa amebeba jeni zake zimelala tu. Ndo maana nikisikia mgonjwa wa lupasi anaulizwa "umeutoa wapi huu na kwenu hakuna anayeumwa?" nawakumbuka hao panya.