Homa ile haikuwa korona

Mbukwenyi. (Msio wa Ugogo, ni salamu tu.)

Mimi ni muuguzi mkunga. Kituo chetu cha afya kiko upande wa Bahi, magharibi ya Dodoma mjini, kule kwenye majaruba ya mpunga. Wanafunzi wa ukunga wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo huniuliza sana ilikuwaje kuwahudumia wanawake ambao mimba zimeharibika wakati wa korona. Huwajibu vipande vipande, kikombe cha chai mkononi, mara naitwa leba na hadithi inakatikia hapo. Leo niko mapumziko, acha niandike. Yale yanayoweza kumtambulisha mgonjwa nimeyageuza.

Kwanza sheria, maana kila ninapotaja jambo hili kuna mtu anashtuka. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa miaka 14 anayemtoa mwanamke mimba na miaka 7 mwanamke anayejitoa mwenyewe. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Lakini kumtibu mwanamke ambaye mimba imeshaharibika si kosa hata kidogo. Ni kazi tunayolipwa kuifanya. Iwe ilitoka yenyewe au alikwenda kwa mtu kichochoroni, damu inayomwagika ni ile ile, na huku kwetu watu wanaiita huduma hiyo "kusafishwa". Wengi hawaji kwa sababu wanadhani mlangoni kuna polisi. Utafiti wa kitaifa ulikadiria kuwa mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa nchini, na wanawake waliopata matibabu ya madhara yake vituoni walikuwa kama 66,600 tu.

Sasa korona. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata Serikali ikatangaza kufunga shule. Kwetu mvua zilikuwa hazijakatika. Makorongo yalikuwa yanajaa, na bodaboda akifika ukingoni anazima pikipiki mnasubiri maji yapungue. Hilo la makorongo tulilizoea. Jipya lilikuwa getini: ndoo ya maji tiririka, mlinzi mwenye barakoa ya kitenge, na kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Mwenye homa haingii. Anapelekwa kwenye hema nyuma ya stoo, asubiri mhudumu aliyevaa vazi la kujikinga, ambalo tulikuwa nalo moja kwa zamu nzima.

Mwezi Mei mama mmoja alimleta mtoto wa dada yake, msichana wa miaka 17, wa sekondari. Homa 39.2, anapumua mbio mbio. Hemani. Mimi niliingia mle kwa bahati tu, nikitafuta mtungi wa oksijeni, kama saa nne baada ya wao kufika. Nilimwona amejikunja, amefungwa khanga mbili kiunoni, na kabla sijasema neno nilisikia harufu. Mkunga yeyote anaijua harufu ile. Mapigo ya moyo 136, presha 80 kwa 50. Nikamuuliza yule mama ameumwa lini. "Siku ya sita leo, nesi. Tumemfukiza nyungu asubuhi na jioni, mwarobaini na mchaichai, homa inashuka, inapanda."

Tulimwekea dripu mikono yote miwili, tukampa ampisilini, jentamaisini na metronidazoli, tukampakia kwenye gari la wagonjwa kwenda hospitali ya rufaa. Alipona, lakini walilazimika kuondoa kizazi.

Nimeirudia siku ile kichwani mara nyingi. Saa nne za hemani ni zetu, sina wa kumsingizia. Lakini siku sita za nyumbani ndizo zilizonifundisha kitu. Mwaka ule homa ilipata jina la heshima. Zamani binti akishikwa na homa, akajikunja, akakataa kula, lazima shangazi au bibi amtazame mara mbili na kuuliza maswali. Mwaka 2020 hakuna aliyeuliza. Jina lilikuwepo tayari, kila redio inalitaja, na halimwaibishi mtu. Binti mwenyewe alijificha ndani ya jina hilo. Usimlaumu: wakati ule mwanafunzi akipata mimba shule ndiyo basi, waraka wa kuwaruhusu kurudi ulikuja Novemba 2021. Na sisi wa kituoni, wenye vyeti ukutani, tukalipokea jina lile lile getini.

Niwaeleze wanafunzi wangu jambo hili vizuri, kwa sababu lina maana hata bila korona. Mabaki ya mimba yakibaki kwenye kizazi, mlango wa kizazi unabaki wazi na vijidudu vinapanda. Maambukizi yakiingia kwenye damu, mwili unachemka, moyo unakimbia, pumzi zinakuwa fupi na za haraka. Sasa linganisha na mgonjwa wa mapafu wa mwaka ule: homa, moyo unakimbia, pumzi fupi. Kipimajoto kinakwambia kuna moto, hakikwambii nyumba gani inaungua. Tofauti inapatikana kwa kugusa tumbo la chini, kutazama khanga, na kuuliza siku za hedhi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofanyika kwa mtu aliye mita mbili mbele yako.

Tulipokaa kikao na mganga mfawidhi, uamuzi wetu wa kwanza ulikuwa wa kuchekesha. Tulimpa mlinzi swali: kila mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye homa, aulizwe kama anatokwa na damu na aliona siku zake lini. Mlinzi wetu ni kijana wa miaka 24. Siku ya pili bibi mmoja aliyemsindikiza mjukuu wake alimfokea hadi wauza maandazi wakasimama: "Wewe, mama yako mzazi umeshamuuliza hilo?" Kijana akaja ofisini, akaweka kile kipimajoto mezani, akasema yeye atabaki na rungu. Akawa anasema kweli. Tukamhamishia muuguzi mmoja getini, kiti chini ya mwarobaini, pazia la shuka upande mmoja. Mwenye homa na damu, au homa na maumivu ya chini ya kitovu, hapiti hemani. Anavishwa barakoa, anakuja moja kwa moja chumba cha pembeni mwa leba, dirisha wazi.

Chumba hicho ndicho kilichotuokoa. Zamani, kumsafisha mwanamke kulimaanisha thieta: kukwangua kwa chuma, usingizi, mtaalamu wa usingizi, na mtu anayesimamia njia ya hewa ya mgonjwa uso kwa uso. Shirika la Afya Duniani lilishasema zamani tuachane na kukwangua, lakini mazoea yana mizizi. Korona iliing'oa kwetu kwa nguvu, kwa sababu hakuna aliyetaka kumlaza mtu usingizi bila kujua mapafu yake yana nini. Bomba la kufyonza kwa mkono halihitaji umeme wala usingizi. Dawa ya maumivu, sindano ya ganzi kwenye mlango wa kizazi, dakika tano hadi kumi, mgonjwa anaongea na wewe muda wote. Kwa mimba iliyokuwa chini ya wiki 13, isiyo na maambukizi wala damu nyingi, misoprostoli nayo inamaliza kazi, na mama anaweza kwenda kujiuguza kwake akijua dalili za kumrudisha haraka. Hapo nilipumua.

Kuna swali moja ambalo wanafunzi wanalikosea kila mwaka. Hawapaswi kuuliza "ulitoa au ilitoka?" Jibu lake halibadilishi matibabu, linamfunga mgonjwa mdomo tu. Lakini kuna la kuuliza, na lazima uliulize: kuna kitu chochote kiliingizwa ndani? Mti, waya, mzizi, chochote. Kwa sababu kizazi kikiwa kimetobolewa, hapo bomba na vidonge vinasubiri, mgonjwa ni wa upasuaji, na chanjo ya pepopunda inahusika. Mimi huanza kwa kusema kwa nini nauliza. Namwambia, "Mwanangu, sitaki jina la mtu. Nataka kujua kama kuna kidonda nisichokiona." Wengi hunijibu wakitazama ukutani.

Damu nayo ilituchapa. Wachangiaji wetu wakubwa ni vijana wa sekondari, na shule zilikuwa zimefungwa. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, wengine tarehe 29. Kati ya hapo tulikuwa tunapiga simu kwa ndugu wa mgonjwa kabla hata hatujamaliza kumpima.

Uzazi wa mpango tuliuhamisha pia. Awali tulikuwa tunamwambia mama, njoo Jumanne, siku ya kliniki. Yai linaweza kupevuka kabla ya wiki mbili hazijaisha tangu mimba iharibike, na mwaka ule hakuna aliyekuwa na hakika ya kurudi Jumanne yoyote. Basi anayetaka kijiti anawekewa humo humo chumbani, anayetaka sindano anachomwa kabla hajavaa viatu. Asiyetaka hashurutishwi, hilo nalisisitiza, kwa sababu nimeona wenzangu wakigeuza ushauri kuwa adhabu.

Nilisoma wakati huo kwamba Uingereza, mwisho wa Machi 2020, iliruhusu mwanamke mwenye mimba isiyozidi wiki 10 kuzungumza na mhudumu kwa simu na kutumia dawa za kutoa mimba nyumbani kwake. Ilianza kama hatua ya muda, na mwaka 2022 ikafanywa ya kudumu. Sheria yetu ni nyingine na sikuwa na la kuiga hapo. Ila neno "simu" lilinibaki. Sisi tulikuwa tunawarudisha wagonjwa baada ya wiki moja au mbili kwa ajili ya maswali matano au sita: damu inaendelea au imekoma? Kuna saa yoyote ulilowesha pedi mbili? Homa? Uchafu wenye harufu? Tumbo linauma zaidi au kidogo? Kichefuchefu cha mimba kimeisha? Mtu anavuka makorongo mawili na kulipa bodaboda ili aje kujibu maswali hayo. Kuanzia Juni nikawa ninayauliza kwa simu, kwa vocha yangu, na ambaye majibu yake hayanipendezi ndiye ninamwambia aje.

Shida ya simu ya kijijini ni moja: si ya mtu mmoja. Kwa hiyo kabla mama hajaondoka tulikuwa tunakubaliana nitasema nini akipokea mwingine. Mwanzoni nilitumia maneno yale yale kwa wote, "naulizia kadi ya kliniki ya mtoto," mpaka mwanamume mmoja akanijibu kwa upole kabisa, "Nesi, sisi hatujajaliwa mtoto bado." Nilikata simu mikono ikitetemeka. Tangu siku hiyo kila mmoja anachagua maneno yake. Wapo wa kikoba, wapo wa mbegu za alizeti. Mmoja aliniambia niseme namdai hela ya vitenge. Nilipopiga akapokea mumewe, akasikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Shilingi ngapi, dada, nikutumie sasa hivi?"

Nikamwambia hesabu anaijua mkewe, ampe simu.