Court Line: viti vilivyouzwa kabla bei ya mafuta haijajulikana

Ninapoulizwa kwa nini shirika la ndege za kukodi linaweza kuanguka ilhali ndege zake zinajaa watalii, hueleza habari za Court Line ya Luton, Uingereza, ambayo iliruka kwa jina hilo tangu mwaka 1970 hadi Agosti 1974 tu. Ndege zake za BAC One-Eleven, hii ya waridi na ile ya feruzi, ziliwapeleka wafanyakazi wa kawaida kwenye fukwe za Hispania, na kwangu mimi hilo ni jambo la kuheshimiwa.

Shirika la namna hii huikodisha ndege nzima kwa kampuni ya utalii, nayo kampuni huunganisha kiti, hoteli na chakula katika bei moja, inayochapishwa kwenye kijitabu miezi mingi kabla ya safari. Kwa kuwa faida ya kila kiti ni ndogo mno, sharti ndege ijae na gharama zisipande kati ya siku ya kuchapisha na siku ya kuruka.

Mwaka 1973 Court Line ilipokea ndege kubwa za Lockheed TriStar, zenye viti 400 kila moja, kisha ikaichukua Clarksons, kampuni ya utalii iliyokuwa mteja wake mkuu na iliyokuwa ikipata hasara. Hofu yake naielewa, kwani Clarksons ingefungwa, viti hivyo vingekosa wa kuvikalia. Lakini kuanzia hapo hasara ya mteja ikawa yake mwenyewe. Baada ya vita vya Oktoba 1973 kati ya Israeli na nchi za Kiarabu, mafuta ghafi yalipanda kutoka takribani dola 3 hadi karibu dola 12 kwa pipa, na Waingereza wengi, waliokuwa wamewekewa na serikali wiki ya kazi ya siku tatu ili kuokoa umeme, wakasita kulipia likizo.

Juni 1974 waziri Tony Benn alitangaza bungeni kwamba serikali ingenunua viwanda vya meli vya kundi la kampuni za Court Line, na kwamba hatua hiyo ingelinda likizo za kiangazi. Tarehe 15 Agosti ndege zilisimama, makumi ya maelfu ya wasafiri wakiwa ng'ambo. Hao walirudishwa kwa dhamana zilizokuwa zimewekwa na kampuni za utalii. Waliolipa bila kusafiri walisubiri sheria ya mwaka 1975, iliyoanzisha mfuko wa akiba kwa mkopo wa serikali na tozo kwa kampuni za utalii, ndipo wakafidiwa.